Jina ya Mwisho ku Wimbo

Kasongo, tarehe 20, mwezi wa kwanza, 1952

Kwa mudogo wangu Amisi, fundi wa cherahani, soko ya Kabambare.

Salamu yangu ya kwanza ni yako, ya pili ya wifi yangu Safi, ya tatu ya watoto wote, na ule mudogo umufinye shavu kwa ajili yangu. Sisi tuko wazima. Magoti njo yananisumbua, na bwana yangu Bulaimu anakohoa juu ya tumbaku. Nilimukataza, hasikii. Mupunga ulitoka muzuri mwaka huu. Victorine, ule mutoto wa mama yetu mudogo, ule alibatizwa, binti yake amezaa mapacha. Padri amewapa majina, mimi siwezi kuyaita bila kujiuma ulimi. Ninawaita tu Moja na Mbili, Victorine ananuna.

Unisamehe mwandiko. Herufi zangu ni zile Victorine alinionyesha na kijiti mu mavumbi, wakati yeye alikuwa anasoma kwa masere, wale masista wa misioni. Unazijua.

Sasa sikia. Niko na hasira na wewe kidogo, na furaha mingi. Siku ya Maulidi wamama wa Nyangwe walikuja hapa. Unajua vile tunafanya: wanaume mbele wanasoma, sisi wamama nyuma ya pazia tunaimba silsila, majina ya walimu wa tarika, mumoja nyuma ya mwenzake, ule alifundisha na ule alifundishwa, toka wale wa pwani mpaka wa kwetu. Naimba ile tangu sina meno. Mwisho wake ilikuwa Mzee Lukumani wa Nyangwe, tukifika pale tunanyamaza, kahawa inapita. Safari hii nafunga mudomo, nasikia wenzangu wanaendelea: na Amisi bin Ramazani wa Kabambare. Niliachilia sahani ya mikate chini, ikaviringika mpaka kwa wanaume.

Kumbe Mzee Lukumani amekupa ruhusa, wewe njo unaongoza zikiri kule kila Alhamisi jioni. Na mimi nilikubeba mugongoni, ukanikojolea, ninapata habari kwa watu wa Nyangwe. Kwa nini hukuniambia? Nitawaambia nini watu wakiniuliza, kama nilisikia sokoni?

Ingine tena. Sefu, mutawala wetu, ametuma mutu: kuko Muzungu anakuja, mutu wa masomo, anazunguka inchi kuangalia nyumba za zamani za kumuabudu Mungu, zote, za Waislamu, za wapadri, hata pahali pa wakati wa wababu. Anatafuta mutu wa kumuonyesha. Soko nzima ikasema: Faida. Nimefua kitambaa changu kile cha bluu.

Karatasi imeisha, maneno haijaisha.

Ni mimi yaya yako, dada mukubwa, Faida.


Kabambare, tarehe 17, mwezi wa pili, 1952

Yaya Faida,

Nakusalimu kwa heshima, na Bulaimu vile vile. Safi anakusalimu. Mutoto mudogo anaota meno, analia sana. Mvua ni mingi. Motokari ya Mugiriki ililala mu matope huku na huku, njo barua yako ilichelewa.

Ilifika imekatwa pembeni, kisha wameibandika tena na bugali. Mugiriki hajui kusoma Kiswahili. Mutu mwingine aliisoma mbele mimi sijaisoma.

Yaya, yale uliandika juu ya Maulidi sikuyaelewa. Mimi ni fundi. Nashona suruali, nashona kanzu, nageuza kola za mashati ya makalani. Mutu akikuuliza juu yangu, umwambie ile.

Unamukumbuka Mwalimu Heri. Mwaka jana Bulamatari, Serikali ya Wazungu, alimutwaa, juu aliendesha zikiri bila kibali. Walimwambia anaenda kujibu maneno kidogo, atarudi. Bibi yake anapika chakula ya watu wawili mpaka leo, na hajui wamemupeleka inchi gani.

Ule mugeni wa Sefu, umuonyeshe kuta na milango. Jina yangu na zikiri, usiviweke mu kinywa kimoja. Nakuomba vile ningemuomba mama, kama angekuwa bado.

Mudogo wako, Amisi.


Kasongo, tarehe 9, mwezi wa tatu, 1952

Mudogo wangu Amisi,

Pole na mutoto wa meno. Umupe mufupa wa kuku atafune, acha dawa za dukani. Safi nasikia amekonda, wamama wa motokari waliniambia. Umulishe. Huku Bulaimu ameacha tumbaku mbele ya macho yangu, anavuta nyuma ya choo. Moja na Mbili wananenepa.

Kwanza utulize roho. Nilifanya vile uliniagiza, neno kwa neno. Juu ya zikiri sikusema hata kidogo. Juu yako nilisema fundi. Subiri nikuelezee yote, juu ilikuwa siku tamu.

Muzungu ni mzee, mwembamba, miguu imeumwa na mbu mpaka iko nyekundu kama kamba ya ngozi. Kiswahili yake ni neno moja: muzuri. Ukimuonyesha kanisa, muzuri. Ukimuonyesha mbuzi, muzuri. Lakini iko na kalani wake wa kugeuza maneno, jina yake Théophile, anatoka upande wa Kindu. Mutoto wa adabu sana, mudogo wangu. Anapokea kikombe na mikono miwili. Amekula mikate yangu ya mupunga, akaomba ingine. Suruali yake tu njo haikuwa ya mutu wa heshima, imemubana nyuma. Nikamwambia: "Mutoto wangu, ule aliyekushonea alikuwa na kisa na wewe." Akacheka mpaka machozi. "Basi, mama, unajua fundi wa kweli?" Nikasema: "Mudogo wangu Amisi, Kabambare, sokoni. Anashona." Unaona? Vile vile uliniagiza.

Tulianzia misioni. Victorine alikuwa pamoja nasi juu kanisa ni yake. Alitia kidole mu maji yao ku mulango, akaniambia: "Ingia, Faida, haitakuunguza." Nikamujibu: "Nangojea uvue viatu kwanza." Tukachekeana pale pale, ndani ya nyumba ya Mungu. Muzungu alivua kofia, akasimama sana mbele ya makaburi ya wapadri wa kwanza. Kalani alimuuliza Victorine wazee gani walikuwa makatekista wa mbele, wanaishi wapi sasa, na watoto wao. Victorine akasema: "Uliza padri." Akauliza ingine. "Uliza padri." Aibu kabisa. Nilimwambia nyuma: "Wewe mudomo yako kama mulango ya kanisa siku ya kazi." Hakucheka.

Kisha Tongoni, pahali mji ulikuwa wakati bibi yetu ni mutoto. Manyasi yamefika ku kifua, kahawa imekuwa pori. Ule ukuta wa udongo wa muskiti ya zamani unasimama bado upande wa kibla, na mule ndani ya kibla nyuki wamejenga. Muzungu alipiga magoti, akapapasa udongo kama daktari anapapasa tumbo. Kalani hakuangalia ukuta. Aliniangalia mimi. Nikawaza: kitambaa cha bluu, kweli, kinanipendeza.

Ku ile chemchem ambapo Wazimba walikuwa wanawekea wababu wao unga, tulipita tu. Mzee wa pale alitugeuzia mugongo, akaendelea kulima.

Mwisho muskiti yetu. Sasa hapa, Amisi, unajua desturi. Mugeni wa heshima haingii mule kimya kama mutu anatafuta kuku amepotea. Anapokelewa na silsila, hiyo njo kumutandikia mukeka. Wanaume walikuwa mashambani, hakuna hata mumoja. Nimuache mugeni wa Sefu anasimama ku mulango na jua? Babu angeniamukia toka kaburini. Basi nikajifunika kichwa, nikasimama ku baraza, nikaimba. Muzungu alifunga macho, akasema muzuri. Kalani akasema: "Mama, hii ni tamu kabisa. Rudia, polepole." Nikarudia. Akasema: "Mwisho wake sijaushika." Nikamurudilia mwisho.

Akaniuliza: "Huyu Amisi wa Kabambare, njo ule fundi?"

Nikamujibu: "Mutoto wangu, Kabambare kuko na Amisi wengi kama mende." Unaona akili ya yaya yako. Akacheka, na mimi nikacheka.

Kwa hiyo mimi sikusema kitu. Wimbo ni wimbo, haikuwa maneno yangu. Na habari njema ni hii: kalani alisema atakuja kwako na kitambaa. Nimekupatia kazi. Umupime vizuri nyuma.

Yaya yako mwenye maarifa, Faida.


Kabambare, tarehe 13, mwezi wa ine, 1952

Yaya Faida,

Salamu kwako na kwa Bulaimu. Meno ya mutoto yametoka. Safi ana homa kidogo, inapungua.

Kalani wako alikuja. Alikuja peke yake, bila Muzungu. Nilikuwa nimeinama ku cherahani. Akasema: "Hodi, Amisi bin Ramazani." Yaya, hapa soko nzima inaniita Fundi. Jina ya baba yetu hakuna mutu anaijua.

Alikaa, akaomba nimupime. Nikamupima kiuno, nikamupima muguu. Wakati niko nimepiga magoti na kamba, akaniambia: "Yaya yako anaimba vizuri. Wimbo mzima, hakusahau hata mumoja." Akauliza Alhamisi jioni niko wapi. Nikamwambia Alhamisi jioni nakata vitambaa. Akauliza wale watu wanakuja Alhamisi, wote wanakuja kukatiwa vitambaa? Nikasema kuko harusi nyingi.

Aliacha kitambaa yake, kaki nzito, muzuri. Alisema nisifanye haraka. Siku itakuwa tayari, atakuja kuitwaa mwenyewe, pamoja na wenzake.

Alhamisi ile ingine watu walikuja nusu. Alhamisi iliyopita, Safi na mimi.

Ule mutu wa mwisho ku wimbo ni mimi, yaya. Sina neno ingine.

Amisi.


Kasongo, tarehe 4, mwezi wa tano, 1952

Mudogo wangu,

Salamu nyingi. Nilikuwa nataka kukupa habari ya mapacha na ya mbuzi wa jirani alikula kanisa, ni kusema alikula maua ya kanisa, lakini itangojea.

Nilisomea Bulaimu barua yako, akaacha kukohoa. Nikaenda kwa Victorine. Alikuwa anapepeta mupunga. Akaniuliza: "Uliimba?"

Nikasema: "Niliimba."

"Mpaka mwisho?"

"Wimbo unaimbwa mpaka mwisho, Victorine. Nani anaimba nusu?"

Akaweka lungo chini, akafunga kitambaa ya kwenda misioni, akaniacha pale na kuku wanakula mupunga wake. Alirudi jioni. Padri alimusikiliza vizuri, akamwambia neno la Serikali yeye hana mukono ndani yake, lakini atatuombea. Alituombea kweli, Victorine alikuwa pale. Simukatai. Sasa hivi simukatai mutu yeyote mwenye kuomba.

Juzi kalani alipita sokoni. Akasimama mbele ya mikate yangu, na ile adabu yake. "Mama Faida, wamama wengine wanaojua wimbo ule, wanakaa wapi? Mzee wangu anapenda kuusikia tena." Nikamwambia nimeusahau. "Umesahau?" Nikamwambia ni uzee, mutoto wangu, leo asubui nimesahau hata chumvi mu mikate. Akauma mukate, akatafuna polepole. "Chumvi iko, mama."

Amisi, toroka. Enda Salamabila, pahali wanachimba zahabu. Kule watu wanatoka kila upande, hakuna mwenye kumuuliza mwenzake alizaliwa wapi. Musafiri mutoto wa baba mudogo iko kule, anapikia wafanyakazi, atakuficha. Funga cherahani mu mukeka, upite njia ya mutoni, Safi atakufuata na watoto nyuma. Kitambaa ya kalani umutupie ku mulango, avae vile vile.

Unijibu upesi. Niko napika na kuunguza.

Yaya yako, Faida.


Kabambare, tarehe 10, mwezi wa sita, 1952

Yaya Faida,

Salamu za mwezi wa kufunga. Mungu apokee saumu yenu. Safi amepona. Watoto wanakuulizia.

Nilifikiri Salamabila. Nilifunga mukeka, na kamba juu. Kisha nikafungua. Yaya, wewe unaujua wimbo kuliko mimi. Mbele ya jina yangu kuko jina gani?

Mzee wa Nyangwe haoni tena. Bibi yake anamushika mukono mpaka chooni. Wakinikosa hapa, watapanda kwake, na yeye hata mutoni hafiki. Wakinipata, nitawaambia ya kwamba Mzee hakunifundisha kitu, hakunipa ruhusa yoyote, nilijitia mwenyewe ku wimbo juu ya kiburi yangu. Mimi niko kijana, mugongo yangu inaweza. Nimekwisha kumutumia Mzee neno, amelia, lakini amekubali.

Njo kuko kitu moja inabaki, na ni wewe tu unaweza. Kama ninasema nilijitia mwenyewe, halafu Maulidi inakuja na wamama wote wa Kasongo na Nyangwe wanaimba jina yangu nyuma ya jina yake, maneno yangu yanakuwa bure. Uwaambie wasiimbe tena. Mimi nitolewe pale. Wewe wanakusikia.

Na barua hii uitie motoni sasa hivi, mbele mukate haujaiva. Nimeituma na mutu wa miguu, si na Mugiriki.

Suruali imekwisha. Nimeitia pasi, inaning'inia ku mulango. Nimeweka na ule mushono wa baba, nyuzi tatu nyekundu chini ya mukanda kwa nyuma, vile alitufundisha kuweka ku kila nguo inatoka mu mikono yetu. Safi alikasirika. Aliniuliza, hata kwa huyu? Nikamwambia sijui kushona namna ingine.

Hajakuja bado. Kila motokari ikipita jioni tunasimamisha futari.

Mudogo wako, Amisi.


Kasongo, tarehe 27, mwezi wa munane, 1952

Mudogo wangu Amisi,

Nimekuandikia mbele ya hii, na ingine mbele ya ile. Hujajibu. Nilijiambia ni barabara. Kisha nikajiambia ni wino. Watu wa motokari nawauliza, wanasema duka imefungwa, fundi amesafiri, na wanaangalia pembeni. Watu hawa, Amisi, ni wale wale wanaonipa habari ya kila mutu mpaka Fizi. Leo hawajui kitu.

Asubui nilikuwa sokoni. Théophile akapita, akasimama kwa mwenzangu wa samaki, akainama kuchagua. Kanzu ya jirani ilinifunika macho kidogo, kisha ikaondoka. Niliona suruali ya kaki, mupya, imemukaa kama ngozi yake mwenyewe, haimubani pahali popote. Na chini ya mukanda, nyuma, nyuzi tatu nyekundu.

Aligeuka, akaniona namuangalia. Nikamuuliza: "Nani alikushonea?"

Akasema: "Fundi mumoja wa Kabambare, mama. Ule uliniambia. Alinipimia vizuri sana." Akapapasa paja, kwa kuonyesha. Kisha akasema: "Alikuwa tayari. Alikuwa ameifunga mu karatasi, na yeye mwenyewe amevaa viatu."

Watu wote wa soko walikuwa wanangojea nitasema nini. Mwenzangu wa samaki alifungua mudomo kwa ajili yangu. Mimi nilipanga mikate. Akanunua samaki, akaenda. Nilipanga mikate tena.

Jioni Victorine alikuja kukaa na mimi. Tulichambua mupunga mpaka giza bila kuchekeana. Bulaimu alitoka kuangalia kama tuko wazima.

Natuma hii ku duka yako, sijui nani ataitwaa. Wewe bwana mwenye kuifungua mbele mwenyewe hajaifungua, nakusalimu na wewe. Ukimaliza kusoma uifunge vizuri, mvua isiingie.

Faida.


Pahali niko, tarehe 5, mwezi wa kumi, 1952

Kwa yaya Faida, Kasongo.

Salamu. Mimi ni muzima. Wamenipa karatasi moja.

Chakula iko. Mvua inanyesha kila siku, pori ni nene, watu wa hapa hawajui Kiswahili. Wamenipa cherahani, nashona nguo za polisi. Mwalimu Heri iko hapa. Amezeeka. Mwambie bibi yake aache kupika ya watu wawili, ale ashibe.

Miaka ya kukaa hapa hawajaniambia.

Safi na watoto waje kukaa kwako. Cherahani yangu uiuze, au uiweke, vile utaona.

Ile kazi niliomba, imefanywa? Na mzee wetu wa kando ya muto, anaamukaje?

Amisi.


Kasongo, tarehe 7, mwezi wa kumi na mbili, 1952

Mudogo wangu,

Salamu. Safi amefika, watoto wamefika, wanalala ku chumba changu. Mudogo ametoa meno mengine, ananiuma. Cherahani imekuja juu ya motokari, sikuiuza, iko imefunikwa na kitambaa changu cha bluu. Bibi ya Mwalimu Heri nilimuambia. Alikaa chini, kisha akaenda kujipikia.

Bulaimu anakohoa. Victorine anakusalimu.

Mzee wetu anaamuka vizuri. Hakuna mutu alikwenda kumuuliza neno.

Maulidi ilipita wiki iliyopita. Wamama wa Nyangwe walikuja, na mzee wetu walimuleta na mutumbwi, kisha na kiti. Sefu alituma na wageni wake, walikaa mbele karibu na pazia, na mumoja alivaa kaki. Nilikuwa nimepita nyumba kwa nyumba mbele ya siku ile. Sikueleza mingi, niliwaambia tu ni pa kusimama wapi.

Tukaimba. Tulifika kwa jina ya mzee wetu, tukanyamaza, vile zamani. Lakini kahawa haikupita upesi. Hakuna mama hata mumoja aliinua kikombe. Tulivuta pumzi, wote pamoja, urefu wa jina moja, kisha tukaiachilia.

Wageni wa Sefu hawakusikia kitu, juu hakukuwa na kitu ya kusikia.

Mzee aligeuza uso upande ya pazia, na yale macho yake. Akauliza: "Hapo kuko mutu?"

Nikamujibu: "Kuko, Mzee."

Akasema: "Basi, lete kahawa."

Yaya yako, Faida.